Utalii wa Imani: Kwa Nini Ufunguo Ubaki kwa Wenye Mahali

Kiongozi yeyote wa Pwani akisimama kuzungumzia "utalii wa kidini", wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Vijana wanasikia ajira. Wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na maimamu wanasikia kwamba ibada inatafutiwa bei. Mwenye hoteli anasikia kivutio kipya cha kuwapeleka wageni waliokwisha kuichoka bahari. Mjadala unaanza, na kila mmoja anajibu jambo ambalo mwenzake hakulisema.

Chanzo cha mkorogano huu ni kwamba jina hilo moja limebebeshwa mambo matatu tofauti.

La kwanza ni safari ya ibada yenyewe. Mkatoliki anayetembea kwa miguu kutoka Kenya hadi Namugongo, Uganda, ili awepo tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, hakutoka nyumbani kutalii. Ameweka nadhiri, au ana shukrani ya kutoa, au ana mgonjwa anayemwombea. La pili ni safari ya kuona. Mgeni anayeomba ruhusa ya kuingia msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ili aoneshwe maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, huenda hana dini kabisa. Anachotafuta ni historia. La tatu ni mchanganyiko, na hapa ndipo wengi wetu tulipo: mtu wa Mombasa anakwenda Lamu wakati wa Maulidi, anasikiliza kasida usiku mmoja, na siku mbili zilizobaki anakula samaki na kutazama mbio za punda.

Anayehesabu vitanda vilivyolaliwa huwaweka wote kwenye daftari moja. Kwa mwenye mahali, hao ni wageni watatu wenye haki tofauti. Mwenye kuja kuabudu hawezi kutozwa kiingilio. Mwenye kuja kuona anaweza kutozwa, na anaweza pia kukataliwa.

Neno la pili linalohitaji kunyooshwa ni "endelevu". Limetumika mpaka limechakaa. Siku hizi hata kibao cha bafuni kinachomwomba mgeni asibadilishe taulo kila siku hujiita uendelevu. Kwa maneno ya kawaida, utalii endelevu ni ule ambao msimu ukiisha, kile kilichowaleta wageni bado kipo, wenyeji wamepata kitu cha maana, na watoto wao nao watakuwa na cha kuonesha. Kwenye mbuga, kilichowaleta wageni ni wanyama, na wanyama wanaweza kuhesabiwa. Kwenye mahali pa imani kilichowaleta wageni ni ibada, na ibada haikai kwenye mawe wala kwenye miti. Inakaa kwa watu wanaoitekeleza. Wakiacha, jengo linabaki kuwa gofu, na msitu unabaki kuwa kuni ambazo bado hazijakatwa.

Hilo la kuni si mzaha, na misitu ya kaya inaonesha kwa nini.

Msitu uliolindwa bila askari

Wamijikenda ni jamii tisa za pwani ya Kenya: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Warabai na Wajibana. Simulizi zao wenyewe zinasema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga makao yao yenye maboma katikati ya misitu, mengi yakiwa juu ya vilima. Makao hayo ndiyo kaya. Yanakisiwa kuanza karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhamia nje kulima na kujenga. Lakini hawakuziacha kaya zao vivi hivi. Mlibaki makaburi ya wazee, mlibaki fingo, yaani kinga iliyofukiwa ardhini kulilinda boma, na ilibaki miko, yaani makatazo.

Miko ya kaya, ukiitazama kwa jicho la mtu wa mazingira, ni sheria ya misitu iliyokamilika. Haukatwi mti. Hailishwi mifugo. Haipitwi nje ya njia. Mkosaji hutozwa kuku au mbuzi ili kuzipoza koma, roho za waliotangulia. Sheria hii ilisimamiwa na wazee wachache bila mshahara wala bunduki.

Wataalamu wa mimea walipoichunguza misitu ya pwani katika miaka ya 1980, waligundua kwamba ndani ya vipande hivyo vidogo, vingine vikiwa vya ekari chache tu, ndimo ilimobaki mimea adimu iliyokwisha kutoweka mahali pengine. Kuanzia 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanza kuzisajili kaya kuwa turathi za kitaifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa, zilizotapakaa kwenye pwani ya takriban kilomita 200, katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwaka uliofuata, 2009, mila zinazoambatana na kaya hizo hizo ziliingizwa kwenye orodha nyingine ya UNESCO: orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu uko hatarini.

Iweke miaka hiyo miwili kando kwa kando. Msitu umetangazwa kuwa hazina ya dunia, na mwaka mmoja baadaye kitu kilichoulinda msitu huo kimetangazwa kuwa mahututi. Wazee wanakufa na wanaowafuata ni wachache. Vijana wengine wamesilimu au wameokoka wakaambiwa kaya ni ushetani. Ardhi ya jirani imepanda bei. Anayezungumzia utalii endelevu wa kaya kwa kutaja miti peke yake ameruka nusu ya habari, na tena nusu iliyo ngumu zaidi.

Kinondo na Chale

Kusini ya Diani, kaunti ya Kwale, karibu na ufuo wa Galu, kuna Kaya Kinondo ya Wadigo. Ni msitu mdogo, wa kama hekta 30. Ukizunguka nje yake utaona kwa nini kuwepo kwake ni kioja: pembeni ni viwanja vya ufukweni, na kiwanja cha ufukweni Diani hakihitaji kuelezewa bei yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyeji wanaendesha hapo mradi wa kuwapokea wageni.

Mgeni analipa, anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, anapewa mtu wa kumwongoza, na anaambiwa miko kabla ya kuvuka kizingiti. Haruhusiwi kubusiana wala kukumbatiana na mwenzake humo ndani. Haruhusiwi kuchukua chochote, hata jani lililokwisha kudondoka. Ataoneshwa miti ya dawa, ataelezwa habari za koma, pengine atawaona mbega juu ya matawi. Zipo sehemu hataoneshwa. Siku ya matambiko ya wenyewe, shughuli ni ya wenyewe.

Watu wa biashara ya utalii wakisikia hivyo huuliza kama masharti hayo hayamkimbizi mteja. Mimi naona kinyume chake. Diani ina msitu mwingine, ina nyani, ina ngamia wa kupandwa ufukweni na ina kila aina ya matembezi. Anayekuja Kinondo anakuja kwa sababu ya hiyo kaniki na hiyo miko. Siku atakayoambiwa "ingia tu, piga picha popote," atakuwa ameingia kwenye kichaka cha kawaida chenye mbu, na hatakuwa na sababu ya kulipa.

Sasa sogea kidogo tu kusini, kisiwani Chale. Hicho nacho ni kisiwa kitakatifu kwa Wadigo, kina kaya yake. Katika miaka ya 1990 kilijengwa hoteli ya kitalii, huku wazee wakipinga. Wageni wamefika miaka yote hiyo, vitanda vimelaliwa, watu wameajiriwa. Kwa hesabu ya mapato, mtu anaweza kusema Chale imeishinda Kinondo mara nyingi. Lakini ukiuliza nani anaamua leo mgeni afike wapi na asifike wapi, jibu la Kinondo na jibu la Chale si moja, na tofauti hiyo ndiyo mada yote ya makala haya.

Ukitaka mfano wa kuishika mkononi, mtazame mnazi. Karara changa, yaani shada la maua ya mnazi, kabla haijafunguka, ina njia mbili. Ukiiacha itafunguka, itashika, na baada ya kama mwaka mmoja utaangua nazi. Ukimwita mgema aifunge na kuikata ncha, utapata tembo asubuhi na jioni, fedha za papo kwa papo, lakini karara hiyo haitazaa nazi tena. Hakuna ubaya wowote katika kugema. Pwani nzima watoto wamesomeshwa kwa tembo. Ubaya ni mtu asiye na shamba kuja kugema karara zote kwa mpigo na kuondoka. Utalii unaouza sherehe yenyewe kwa mgeni, kila Jumamosi saa kumi jioni, unagema karara. Mwenye shamba anaweza kuamua minazi mitatu igemwe na iliyobaki iachwe izae. Mpangaji wa msimu mmoja hana sababu ya kuamua hivyo.

(Na wahenga walishatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwongoza wageni anayepigiwa makofi sana huanza kuongeza chumvi: mti uliopandwa juzi unakuwa na miaka mia saba, na kila pango linakuwa la majini. Hilo nalo ni aina ya uharibifu, ingawa haliingii kwenye ripoti ya mazingira.)

Vigango: pale bidhaa ilipokuwa maiti

Kwa Wagiriama, mtu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye nakshi za pembetatu na kichwa cha duara au cha umbo la mtu. Husimikwa kumkumbuka na kumtuliza. Kikishasimikwa hakihamishwi. Hata familia ikihama mji, kigango kinabaki pale pale mpaka kioze chenyewe.

Kuanzia miaka ya 1970 wakusanyaji wa sanaa, wengi wao Marekani, walivipenda. Maduka ya vinyago Mombasa yakawa mlango. Vigango kwa mamia vikang'olewa na kuvushwa bahari, vikaishia kwenye majumba ya matajiri, kisha matajiri wakavitoa zawadi kwa makumbusho na vyuo vikuu. Vingine vimeanza kurudi. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Ukarudi mzigo, likaja swali jipya: kigango hiki ni cha nani? Nyingi ya nguzo hizo hazina kumbukumbu ya boma zilikotolewa, na kumsimika baba wa watu katika uwanja wa watu wengine ni kosa juu ya kosa.

Tunapenda kuisimulia habari hii kwa sentensi moja, kwamba wazungu waliiba. Ni kweli nusu. Soko lilikuwa ng'ambo na faida kubwa ilibaki ng'ambo. Lakini mkono uliong'oa usiku, mara nyingi, ulikuwa wa kijana wa hapo hapo aliyekuwa na njaa, aliyepewa fedha kidogo na mfanyabiashara wa mjini. Kijana yule hakuona faida yoyote ya kigango kubaki kimesimama. Hapo ndipo utalii endelevu unapoweza kuwa na maana ya kweli kwa imani za wenyeji: ukimpa kijana huyo sababu, pamoja na mshahara, ya kukilinda kilichosimama. Ukishindwa hilo, hata uzio wa seng'enge hautasaidia, maana mwenye kuukata anaishi ndani yake.

Maulidi ya Lamu hayafuati msimu

Tuhame msituni twende mjini, kwa sababu watu wengine hudhani haya ni mambo ya dini za jadi tu.

Zaidi ya karne moja iliyopita, Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyetoka Ngazija, alijenga Lamu Msikiti wa Riyadha na chuo chake. Aliwafundisha hata watu ambao mabwana wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, na akayaingiza matwari, ngoma za mkononi, katika Maulidi, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa wakati ule. Leo Maulidi ya Riyadha hufikia kilele chake wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, na watu huja kutoka pwani yote, Tanzania, Visiwa vya Ngazija na mbali zaidi. Pembeni ya ibada kuna mashindano ya mashua, mbio za punda, bao, kuogelea. Mwishoni kuna ziara ya kaburi la Habib Swaleh.

Mji mkongwe wa Lamu uliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu mwanzoni mwa miaka ile kuna pia Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Watu wa nje huchanganya mambo haya mawili, hata waandishi wa habari. Tamasha limeandaliwa ili litazamwe. Maulidi yangesomwa hata asingekuja mgeni yeyote. Kwenye tamasha mgeni ni hadhira. Kwenye Maulidi mgeni ni mgeni tu, kama ilivyo kwenye harusi ya jirani: atakaribishwa, atakula, lakini hataulizwa saa ya kuanza.

Na saa ya kuanza ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Maulidi husogea nyuma kila mwaka. Miaka fulani yataangukia wakati wa wageni wengi, miaka mingine yataangukia wakati wa mvua kubwa, mahoteli yamefungwa. Mpangaji wa utalii angependa tarehe moja isiyobadilika ili aichapishe kwenye kijitabu miaka mitatu mapema. Hawezi kuipata. Kutopangwa upya kwa ajili ya wageni ndiko kunakoyafanya yawe Maulidi. Kwa wale wanaotaka tarehe, Novemba ipo. Naona Lamu, labda bila kukusudia, imepata ufumbuzi mzuri kuliko miji mingi: imekipa utalii kitu chake, na imeiachia ibada kilicho chake.

Upande wa fedha nao una somo. Mtalii wa ufuo wa Diani au Malindi mara nyingi amelipia ndege, chumba na chakula kwa pamoja akiwa bado Milan au Frankfurt, na sehemu kubwa ya fedha hiyo haikanyagi Afrika. Kinachofika kijijini ni bahashishi na bei ya kinyago. Anayekuja kwa Maulidi hana fedha nyingi kama yule, lakini tazama anavyoitumia: nauli ya boti kutoka Mokowe, kitanda nyumbani kwa mtu au jamvi kwa jamaa, mahamri ya asubuhi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, kipimo cha halwa cha kurudi nacho. Shilingi yake ni ndogo na inalala Lamu.

Kuna Waislamu wa pwani wanaoona Maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na wana hoja zao. Ni mjadala wa ndani ya nyumba. Ninachokihofia mimi ni bajeti ya utalii kuingia ndani ya mjadala huo kama hoja, mtu akaambiwa nyamaza kwa sababu wageni wanaleta fedha. Siku hiyo hata wanaoyapenda Maulidi watakuwa wamepokonywa kitu.

Hofu kubwa zaidi ya Lamu haiko msikitini, iko kwenye nyumba. Nyumba nyingi za Shela na baadhi ya zile za mji mkongwe zimenunuliwa na watu wa nje. Zimekarabatiwa vizuri, mara nyingi kuliko ambavyo wenyewe wangeweza. Lakini mtaa ukibaki na nyumba za likizo tupu, nani atajaza safu ya alfajiri? Unaweza kuokoa kila jiwe la mji na ukaupoteza mji.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

Linalosemwa zaidi ni kwamba mahali pakiingia UNESCO pamechukuliwa na UNESCO, na kwamba fedha zitaanza kumiminika. Yote mawili si kweli. Umiliki haubadiliki, nchi ndiyo inayoahidi kulinda, kwa sheria zake na fedha zake. Kile UNESCO inachoweza ni kusifia, kushauri, kusaidia kidogo, na kuaibisha kwa kukuweka kwenye orodha ya walio hatarini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa kwenye orodha hiyo kuanzia 2004 hadi 2014.

Wengine hudhani fedha ikipatikana kila kitu kinajengeka. Makaburi ya Kasubi, walikolala Makabaka, yaani wafalme, wa Buganda, yaliungua Machi 2010. Yalitolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2023. Kwa nini muda mrefu hivyo, wakati nyumba yenyewe ni ya nyasi, matete na miti? Kwa sababu kuezeka paa lile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, kwa taratibu zake na miiko yake, na mafundi wenye ujuzi huo hawapatikani kwa zabuni. Angetokea mkandarasi wa kuliezeka kwa miezi sita, Kampala ingepata jengo linalofanana na Kasubi.

La tatu, kwamba wingi wa watu ndio mafanikio. Tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kilifurika watu kutoka kila kona ya Afrika Mashariki waliokwenda kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, kwa shilingi 500 ya Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika barabara ya vumbi. Vyoo, maji na malazi havikutosha, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Wenye magari na wauza chakula walichuma. Miezi ikapita, watu wakakoma. Linganisha na Namugongo, ambako umati ni mkubwa pia, lakini kila mwaka jimbo moja la Kanisa hupewa zamu ya kuongoza maandalizi, parokia za njiani zinajua mahujaji watalala wapi, na tarehe inajulikana. Zamu hiyo ya majimbo, ambayo hakuna anayeipiga picha, ndiyo inayoibeba Namugongo mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo Namugongo nayo ilikosa umati mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na wauzaji wa pembeni walikosa msimu mzima. Kijiji kinachotegemea sikukuu moja tu kwa mwaka kimejiweka kwenye uzi mwembamba, hata sikukuu hiyo iwe takatifu namna gani. Wazee wa Kinondo na jirani zao bado wanavua na kulima, na nadhani ni heri.

La mwisho ndilo linalouma: kwamba kaya ni uchawi na wazee wake ni wachawi. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi ya urithi. Kabla ya kijitabu chochote cha wageni, kabla ya kibao chochote cha barabarani, mlinzi wa mahali patakatifu anahitaji kulala usiku bila kuogopa wajukuu zake. Mpango wa utalii wa kaya usiotaja usalama wa wazee haujaanza kuandikwa.

Nani anashika ufunguo

Kwa hiyo ukiletewa habari ya mradi wowote wa aina hii, uwe wa kaya, msikiti, kanisa au mzimu, usianze kwa kuuliza utaleta wageni wangapi. Uliza nani ana mamlaka ya kusema leo hapaingiwi, na kama akisema hivyo atasikilizwa au ataletewa barua kutoka ofisini. Uliza kiingilio kinapokelewa na nani, na wanakijiji huisoma wapi hesabu yake. Uliza hati ya ardhi iko kwa jina la nani, maana Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii tangu 2016 lakini kuwepo kwa sheria na kuwa na hati mkononi ni vitu viwili. Uliza pia kama kijana anayewaongoza wageni anafundishwa na wazee au amekariri maelezo ya kampuni.

Wanaopinga watasema mpangilio huu unawapa wazee wachache nguvu nyingi mno, na kwamba hata wazee hununulika. Ni kweli, wapo walionunulika, na vipande vya kaya vimeuzwa kwa sahihi zao. Ndiyo sababu ufunguo haufai kuwa kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu kusajiliwa kaya kuwa turathi ya kitaifa kuna faida: mzee akiuza, sheria inaweza kuubatilisha uuzaji huo, na serikali ikitaka kugawa, wazee wana kitu cha kusimamia mahakamani. Ni kufuli mbili kwa mlango mmoja. Zinachelewesha mambo, na wawekezaji huzilalamikia sana.

Kwa mwenye kutaka kwenda: Kinondo utafika kwa matatu au pikipiki kutoka Ukunda, vaa viatu vya kufunika kwa sababu ya mizizi, na kaniki utapewa hapo hapo. Maulidi ya Riyadha, angalia kalenda ya Hijria kwanza, kisha tafuta mahali pa kulala mapema, maana wiki ile mji hujaa. Mwanamke awe na mtandio wa kutosha, mwanamume kanzu au angalau suruali ndefu. Simu iache mfukoni mpaka umwombe ruhusa mtu aliye karibu nawe, na akikataa usimwombe wa pili.